Mwananchi Kumkamata Mshukiwa nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaotumia Kiswahili nchini Uganda: wafanyabiashara wa Busia na Malaba, waendesha bodaboda wa Arua na Koboko, familia za Bombo, wakimbizi wa Nakivale na Kyangwali, na jamaa wanaoishi katika kambi za polisi na jeshi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu zamani. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea mpakani, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa sokoni, stejini na nje ya kituo cha polisi, mara nyingi na mtu ambaye tayari ameshika mkono wa mwenzake na hajui afanye nini naye. Majibu yametokana na Katiba ya mwaka 1995, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sheria ya Kanuni ya Adhabu na sheria nyingine chache ambazo nitazitaja zinapohusika. Aliye na kesi tayari anahitaji kuonana na wakili, kwa kuwa ukurasa hauwezi kujua mambo yake.

Je, mtu asiye polisi anaruhusiwa kweli kumkamata mtu mwingine?

Ndiyo, anaruhusiwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa mtu yeyote wa kawaida mamlaka hayo katika hali mbili. Ya kwanza ni pale anapomwona mtu kwa macho yake akitenda kosa ambalo hata polisi angeweza kumkamata mtu kwalo bila hati ya mahakama, na kwa ujumla hayo ni makosa yanayoweza kuadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi. Ya pili ni pale anapokuwa na shaka yenye msingi kwamba mtu huyo ametenda kosa kubwa la jinai, yaani, kwa kawaida, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au zaidi, kama vile wizi, unyang'anyi, ubakaji au mauaji. Kifungu hicho hicho kinamruhusu pia mwenye mali, wafanyakazi wake na wale aliowaidhinisha kumkamata mtu wanayemkuta akiiharibu mali hiyo.

Angalia jinsi hali hizi mbili zinavyotofautiana. Kwa kosa ambalo si kubwa, sheria inataka uwe umeona mwenyewe. Kwa kosa kubwa, inakubali shaka, ila shaka hiyo iwe na msingi. Watu wengi ninaokutana nao wanajua nusu ya kwanza tu, kwamba mwananchi anaruhusiwa, na hawajawahi kuisikia nusu ya pili, yaani masharti haya.

Shaka yenye msingi ni shaka ya namna gani?

Ni ile ambayo mtu mwenye akili timamu, akiwekwa mahali pako na kujua unayoyajua wewe wakati huo, naye angeipata. Ukimkuta mtu saa tisa usiku akitoka dirishani mwa jirani yako huku amebeba redio ya jirani huyo, unao msingi. Vivyo hivyo ukimwona kijana akisukuma pikipiki unayoitambua kwa namba yake, na mwenyewe amekwisha kutangaza stejini asubuhi hiyo kwamba imeibwa.

Msingi haupatikani kwa sababu mtu ni mgeni mtaani, amevaa vibaya, anazungumza Kiswahili cha Kongo badala ya Kiganda, au amekimbia aliposikia kelele. Katika miji yetu mtu akisikia “mwizi!” hukimbia hata kama hajachukua kitu, kwa sababu anajua yanayomkuta anayebaki amesimama. Wala kelele yenyewe si ushahidi: anayepiga yowe la “mubbi” (mwizi, kwa Kiganda) huenda ni mwenye mali aliyeona kila kitu, na huenda ni mtu aliyeambiwa na mtu aliyeambiwa. Kabla hujanyoosha mkono, jiulize swali moja: nikifika kituoni na askari akaniuliza kwa nini nimemshika huyu, nitajibu nini kwa sentensi moja? Kama jibu linaanza na “watu wanasema”, huna shaka yenye msingi bado, na jambo la kufanya ni kuwaita polisi kwa namba 999 au 112 na kumtazama mtu huyo bila kumgusa.

Ni mambo gani ambayo watu hukamatana kwayo bila haki?

La kwanza ni deni. Mtu aliyekopa na akashindwa kulipa hajatenda kosa la jinai, na kumfungia dukani, kumnyang'anya kitambulisho au kumzuia mgonjwa asitoke kitandani hadi jamaa zake walete pesa si ukamataji halali wa aina yoyote. Deni lina mahakama yake ya madai. Ni tofauti na mtu aliyejipatia mali kwa udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano aliyeuza kiwanja akijua si chake: hilo ni kosa la jinai, lakini kwa kuwa mpaka kati ya mambo haya mawili ni mwembamba na hata mawakili hubishana juu yake, ushauri wangu ni kupeleka malalamiko polisi badala ya kumkamata mtu mwenyewe.

La pili ni fumanizi. Kosa la jinai la uzinzi lilikuwamo katika Kanuni ya Adhabu, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ililitangua kwa sababu lilimbagua mwanamke. Mume au mke aliyefumania ana maumivu ya kweli, na anaweza kwenda mahakamani kudai talaka, lakini hana mamlaka ya kumkamata mtu, kumvua nguo wala kumtembeza barabarani.

La tatu ni kuzurura. Kwa miaka mingi kifungu cha kikoloni kilimfanya mtu “anayeonekana kutokuwa na kazi” awe mhalifu, na vijana wengi maskini walizolewa mitaani kwacho. Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilizifuta sehemu za kifungu hicho zilizohusu watu wasio na njia ya kujikimu na wanaoranda. Kijana aliyesimama kwenye kona yako saa nne usiku anaweza kukutia wasiwasi, lakini wasiwasi wako haumfanyi kuwa mhalifu.

La nne, ambalo huua watu, ni tuhuma za uchawi. Uganda ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, lakini sehemu zake zilitanguliwa mwaka 1997 na Mahakama ya Katiba, pamoja na uwezo wa kumfukuza mtu nyumbani kwake, kwa kuwa hazikueleza kosa kwa uwazi na zilimnyima mtu maisha yake. Bibi kizee anayeshukiwa kwa sababu mtoto wa jirani ameugua anahitaji ulinzi, na anayehitaji kukamatwa ni yule anayeichoma nyumba yake.

Kumkamata mtu hufanywaje hasa?

Sheria inasema anayekamata amguse au amzuie mwilini mtu anayekamatwa, isipokuwa kama mtu huyo amejisalimisha mwenyewe kwa maneno au kwa vitendo. Kwa hiyo ukimwambia, “Ndugu, nakukamata kwa kuchukua mkoba wa mama huyu, tunakwenda polisi,” naye akakubali kufuatana nawe, umemkamata, na hakuna sababu ya kumshika ukosi. Mwambie sababu papo hapo. Ibara ya 23 ya Katiba inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Nimeona mkimbizi akishikwa na watu waliokuwa wakimwuliza maswali kwa Kinyankole, naye akikaa kimya kwa kuwa hakuelewa hata neno moja, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni ukiri. Ikiwa mtu haelewi lugha yenu, mtafuteni anayejua lugha yake kabla ya jambo lolote jingine.

Naruhusiwa kutumia nguvu kiasi gani?

Kiasi kinachohitajika ili asiponyoke, basi. Akipinga kwa nguvu au akijaribu kutoroka, unaweza kutumia njia zinazohitajika kumkamata, lakini sheria inaongeza hapo hapo kwamba hairuhusu nguvu zaidi ya zile zilizofaa katika hali ile. Ukishitakiwa, mahakama itaangalia uzito wa kosa alilokuwa akilitenda na mazingira yalivyokuwa. Kumwangusha mtu mwenye panga aliyetoka kumjeruhi mwenzake hakupimwi sawasawa na kumwangusha mtoto wa shule aliyechuma maembe.

Jambo ambalo napenda lieleweke vizuri ni hili: nguvu halali huisha pale mtu anapodhibitiwa. Akisha kukaa chini na mikono yake imeshikwa, kofi moja linalofuata ni shambulio, na aliyelipiga naye amekuwa mhalifu. Kumfunga kamba pia kuna kipimo chake, kwani sheria inakataza kumzuia mtu kuliko inavyohitajika asitoroke. Kumfunga mikono nyuma hadi vidole vivimbe, au kumlaza juani akiwa amefungwa miguu, hakuhitajiki kamwe.

Kumpiga ili akiri ni kosa la hatari zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Utesaji ya mwaka 2012 haiwahusu askari peke yao. Inamtaja pia mtu anayetenda kwa nafasi yake binafsi, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka kumi na mitano, au kifungo cha maisha utesaji ukiwa wa kiwango kizito zaidi. Na hata ukimfanya akiri, umepata hasara tupu, kwa kuwa ungamo lililotolewa kwa kipigo halikubaliki mahakamani.

Naweza kumpekua mifukoni au kufungua simu yake?

Kazi ya kumpekua ni ya askari wa polisi utakayemkabidhi. Wewe unaruhusiwa kumnyang'anya silaha aliyo nayo, kama kisu au chuma, na unapaswa kuikabidhi pamoja naye. Mali ya wizi iliyo wazi mkononi mwake ishike mbele ya mashahidi na uifikishe kituoni ilivyo, bila kuifuta, kuiwasha wala kuipitisha mikono ishirini. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake tu, kwa kulinda staha yake. Hata polisi wanafungwa na sharti hilo, sembuse vijana wa stejini.

Namweka wapi, na kwa muda gani?

Huna mahali pa kumweka. Kifungu cha 16 cha sheria ile ile kinakutaka umkabidhi kwa askari wa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na ikiwa hakuna askari karibu, umpeleke kwenye kituo cha polisi kilicho karibu zaidi. Sheria haikutaja idadi ya dakika, kwa kuwa anayekamata mtu mjini Kampala na anayekamata kisiwani katika Ziwa Viktoria hawana safari moja. Kinachopimwa ni sababu ya kuchelewa. Kungoja mvua kubwa ipite au kusubiri boti ya asubuhi ni sababu. Kumsubiri mwenye duka arudi kutoka mazishini, kusubiri jamaa walete fidia, au kutaka kwanza “kumfundisha adabu” si sababu.

Wapo wanaodhani wana saa arobaini na nane. Muda huo ni kikomo ambacho Katiba imewawekea wenye mamlaka kumfikisha mtu mahakamani, na haukukusudiwa kuwa ruhusa ya mtu binafsi kumfungia mwenzake stoo.

Nikiwa karibu na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kuliko polisi, inatosha kumpeleka kwake?

Mwenyekiti anasaidia sana: anaijua njia, anamjua askari wa zamu, na watu hunyamaza anapofika. Mpigieni, aje, aandamane nanyi. Lakini makabidhiano ya kisheria ni kwa polisi. Mahakama za mabaraza ya mitaa, chini ya sheria ya mwaka 2006, husikiliza madai madogo, mambo ya mila na ukiukaji wa sheria ndogo za eneo; hazina uwezo wa kumhukumu mtu mzima kwa wizi au kwa kujeruhi, wala mwenyekiti hana selo. Ile desturi ya kumtoza mshukiwa “faini ya kijiji” na kumwachia imezoeleka, na najua inatokana na uchovu wa watu kwa safari ndefu za kituoni, lakini haina msingi katika sheria.

Kundi limeshaanza kumpiga. Mimi ni mmoja tu, nifanye nini?

Nitajibu swali hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalobeba uhai wa watu. Polisi wa Uganda huorodhesha mauaji yanayofanywa na makundi katika fungu lake peke yake kwenye ripoti yao ya uhalifu ya kila mwaka, maana yake si tukio la nadra.

Kwanza jua sheria inavyoliona kundi. Kila anayeshiriki anahesabiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeua, hata kama jiwe lake halikumpata marehemu. Kanuni hii ya nia ya pamoja ni ya zamani: mwaka 1943 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la watu waliompiga mtu waliyemwita mwizi, iliamua kwamba si lazima washambuliaji wawe wamekubaliana kabla, nia yao inaweza kuonekana katika kuwapo kwao, matendo yao, na kutojitenga kwao na kipigo kile. Kwa hiyo aliyeleta tairi, aliyetoa petroli kwenye pikipiki, aliyeziba njia na aliyepiga kelele za “maliza huyo” wote wanaweza kusimama kizimbani kwa mauaji, kosa ambalo adhabu yake ya juu bado ni kifo. Na mtu aliyekuwa akikufa huenda aliiba kuku. Wizi wa kawaida kwa sheria yetu una kifungo kisichozidi miaka kumi. Hakuna mahakama nchini inayoweza kumhukumu mtu kifo kwa kuku.

Pili, yapo mambo ambayo mtu mmoja anaweza kuyafanya. Siku moja ya soko, hapa mpakani, vijana wa stejini walimshika mvulana wa miaka kama kumi na minane kwa tuhuma ya simu, na walikuwa wamemfunga mikono kwa leso. Kofi la tatu lilikuwa limekwisha kulia nilipofika. Mama mmoja muuza mukene, vile visamaki vidogo vya kukaushwa, aliinuka, akaliburuta beseni lake la samaki hadi alipokuwa yule mvulana, akaketi kando yake, bega kwa bega, kana kwamba amehamisha meza ya biashara. Kisha akamwuliza mwenye simu kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwanangu, wewe ulimwona kwa macho yako?” Yule akajibu, “Hapana, mama, nimeambiwa.” “Nani amekuambia?” Akageuka kumtafuta aliyemwambia, na hakumwona. “Basi tukae naye hapa mpaka askari waje,” mama akasema, akaanza kupima mukene kwa kikopo, kwa maana mteja alikuwa amesimama mbele yake. Hakuna aliyetaka kurusha jiwe karibu na beseni la mama huyo. Askari wawili walifika kwa miguu, leso ikafunguliwa, mvulana akapelekwa kituoni akiwa mzima. Jioni simu ilipatikana ndani ya gunia la mahindi ambalo mwenye simu mwenyewe alikuwa amelishona asubuhi.

Sikuandika kisa hiki ili kila mtu aingie katikati ya mawe. Kama kundi limekwisha kuwasha moto, usalama wako una haki pia. Lakini mara nyingi kuna dakika chache za mwanzo ambapo watu bado wanauliza nini kimetokea, na dakika hizo hushikwa na yeyote anayesema kwanza. Uliza kwa sauti ni nani aliyeona. Mtaje mtu unayemjua kwa jina: “Kaka Musa, njoo tumpeleke”, kwa sababu mtu aliyeitwa kwa jina huacha kuwa kundi. Mpeleke mshukiwa ndani ya duka, msikiti, kanisa au zahanati, mahali penye mlango. Piga 999 na useme wazi kwamba kuna mtu anapigwa, usiseme tu kwamba kuna mwizi. Kama huwezi lolote kati ya hayo, ondoka hapo ukapige simu, na usiwe mmoja wa wanaojaza duara.

Ikiwa aliyeshikwa ni mtoto?

Mtu wa chini ya miaka kumi na miwili hana dhima ya jinai nchini Uganda, hivyo hakuna kosa la kumkamatia. Mrudishe kwa wazazi au kwa mjumbe wa LC anayeshughulikia watoto. Kuanzia miaka kumi na miwili hadi chini ya kumi na minane anaweza kukamatwa, lakini wazazi au walezi lazima waarifiwe mapema iwezekanavyo, asichanganywe na watu wazima mahabusu, na polisi wasimshikilie zaidi ya saa ishirini na nne kabla ya kumfikisha mahakamani. Ukifika kituoni, omba kitengo cha polisi kinachoshughulikia familia na watoto. Kama huna uhakika na umri wake, mchukulie kuwa mtoto.

Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, au niko katika Mayumba Kumi. Je, nina mamlaka zaidi?

Hapana. Sare, bunduki ya kampuni na redio ya mkononi havikufanyi kuwa askari wa polisi. Unakamata kwa kifungu kile kile cha 15, pamoja na idhini ya mwenye mali unayemlinda, na unakabidhi kwa kifungu kile kile cha 16. Vivyo hivyo kwa wanaolinda usalama wa mtaa chini ya mpango wa Mayumba Kumi: kazi yao ni kujua nani anaishi wapi na kutoa taarifa. Mlinzi wa supamaketi anayemfungia mteja chumba cha nyuma hadi alipe mara kumi ya bei ya sabuni anavunja sheria mbili kwa wakati mmoja.

Mimi ni mkimbizi au mgeni. Sheria hii inanihusu?

Inakuhusu pande zote mbili. Sheria inasema “mtu yeyote wa kawaida”, haikusema raia, kwa hiyo Mkongo wa Nakivale aliyemwona mtu akivunja nyumba ya jirani anaweza kumkamata. Na ulinzi wa Ibara ya 23 na ya 24 ya Katiba, yaani uhuru wa mtu na kutoteswa, ni wa kila aliye ndani ya mipaka ya Uganda. Ukikamatwa, omba mkalimani. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya nchi kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na askari wengi wanakijua, hivyo usione haya kukiomba.

Nimekamata mtu, polisi wakamwachia siku ya pili. Ya nini basi kuhangaika?

Naielewa hasira hii, na siipuuzi. Nimewahi kuambiwa na kituo kimoja kwamba gari halina mafuta, tukalazimika kumsindikiza mshukiwa kwa bodaboda mbili kwa pesa zetu wenyewe, na kesho yake tukamkuta sokoni. Mtu aliyepitia hayo husema afadhali tungemaliza wenyewe.

Lakini kuachiwa kwa dhamana ya polisi, tunayoiita bondi, si kufutiwa kesi. Katiba inamhesabu mtu kuwa hana hatia hadi athibitishwe au akiri, na bondi inamruhusu kusubiri nje huku upelelezi ukiendelea. Bondi haina malipo; ukisikia ameachiwa kwa kutoa pesa, hapo ndipo pa kulalamika kwa mkuu wa kituo au kitengo cha nidhamu cha polisi. Mara nyingi kesi hufa kwa sababu nyingine iliyo mikononi mwetu: kundi zima lilimleta mshukiwa kituoni, na hakuna hata mmoja aliyebaki kuandikisha maelezo. Askari hawezi kupeleka kelele mahakamani. Anahitaji jina la shahidi, alichoona na mahali alipokuwa amesimama. Ikiwa askari aliyempokea haoni sababu ya kutosha kuamini kwamba kosa limetendeka, sheria inamtaka amwachie mara moja, na hapo amefanya kazi yake.

Nikimkamata mtu asiye na kosa, nitashitakiwa?

Ukikosea kwa nia njema ukiwa na shaka yenye msingi ya kosa kubwa, ukamwambia sababu, hukumpiga, ukamkabidhi upesi, una ulinzi mzuri. Ukimkamata bila msingi, Ibara ya 23 ya Katiba inampa haki ya fidia kutoka kwa aliyemkamata isivyo halali, na ibara hiyo inataja mtu binafsi pamoja na serikali. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai pia. Kwa upande wa aliyekamatwa, msaada wa kisheria usio na malipo hupatikana kwa FIDA Uganda (chama cha mawakili wanawake), mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili Uganda, na Justice Centres Uganda. Malalamiko ya haki za binadamu hupelekwa kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Aliyeumizwa aombe kituoni fomu ya polisi namba 3 kabla ya kwenda hospitali, maana ndiyo itakayobeba maneno ya daktari hadi mahakamani.

Askari akiniomba nimsaidie kukamata, naweza kukataa?

Akikuomba kwa sababu ya haki kusaidia kumkamata mtu au kumzuia asitoroke, sheria inakutaka usaidie. Haikutaki uhatarishe uhai wako bila sababu.

Nikishamkabidhi, nimemaliza?

Bado kidogo. Kabla hujatoka kituoni hakikisha jambo limeandikwa katika daftari la kituo, na uandike namba yake, ile inayoitwa namba ya SD, pamoja na jina la askari aliyempokea mshukiwa na saa. Toa maelezo yako, na usomewe kabla ya kuyatia sahihi. Kama yameandikwa kwa Kiingereza na hukielewi, omba yatafsiriwe, kwa kuwa miezi sita baadaye wakili wa mshtakiwa atakuuliza juu ya kila mstari. Sema ulichoona tu, na ulichosikia useme kuwa ulisikia. Kisha hudhuria mahakamani ukiitwa, hata kama kesi imeahirishwa mara mbili. Ukibadilisha namba ya simu au ukihama, pita kituoni uache namba mpya kwa mpelelezi.